Milango Sawa ya Injeniyeri Télesphore

Ukitaka kumjua Injeniyeri Télesphore, usianze na kompyuta yake. Anza na choo cha nyumba yake, kule Kanyosha. Hakina mlango.

Kilikuwa nao. Wakati anajenga, alimwambia seremala milango yote ya nyumba iwe na kipimo kimoja, urefu mmoja, upana mmoja, bawaba mahali pamoja. Siku akitaka mlango wa sebule uende jikoni na wa jikoni uende chumbani, asivunje ukuta. Seremala alikubali, kwake mlango ni mlango. Basi mvua ya kwanza ikavimbisha mlango wa chumba cha kulala. Injeniyeri akang'oa wa choo, akaupachika chumbani kwa dakika tano, akaita majirani waje waone. Majirani wakapiga makofi. Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Mpaka leo mama yake, anayekaa naye, akiingia chooni anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa ili watu wajue pana mtu. Jirani wa upande wa kushoto ni wa dhehebu lingine kabisa, lakini sasa nyimbo zetu zote anazijua.

Juu ya kuta za nyumba hiyo vyuma vimeachwa vimesimama, vinangojea ghorofa ya pili. Vimeshika kutu. Chini yake bati la jikoni linavuja, na ukimuuliza kwa nini halizibwi, atakujibu kwamba ukiziba leo utaharibu mpango wa kesho.

Sisemi haya ili nimcheke. Mimi nasema tu, anayecheka acheke mwenyewe.

Ni mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi. Mama yake anasimulia kwamba alipokuwa na miaka tisa alifungua redio ya baba yake, akatoa kila kitu kilichokuwa ndani, akapanga vipande kwenye mkebe wa maziwa, kila kimoja na karatasi yake yenye jina. Redio haikusema tena. Lakini mkebe upo, na ukimwamsha sasa hivi atakuambia kipande gani kiko wapi. Baba alitaka kumpiga, kisha akaona yale majina yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri, akaacha. Mimi nafikiri pale ndipo kosa lilipoanza. Angepigwa kidogo, au angalau angeambiwa arudishe redio.

Alisoma, akasoma tena, akarudi na diploma zake. Alikuwa na mchumba, Orlane, dada mpole wa mtaa wetu. Familia zilikwisha kuonana, bia ilinyweka, ng'ombe wa mahari walitajwa. Iliyobaki ni tarehe. Injeniyeri alisema tarehe ibaki wazi, kwa sababu huwezi kujua. Ilibaki wazi miaka sita. Orlane sasa ameolewa na mfanyakazi wa serikali kule Kigobe, mtu asiyesema mengi, lakini nyumba yake ina mlango wa choo.

Mimi nilimjua vizuri kwa sababu ya kazi. Mama yake tunasali kanisa moja, ndiye aliyenitafutia nafasi ya kupika chakula cha mchana na kusafisha kwenye ofisi yao, nyumba moja ya Kigobe yenye bustani. Mélissa wangu alikuwa na miezi minane, naye nilimbeba mgongoni kila siku. Hawakukataa. Injeniyeri hata alifurahi, alisema mtoto ni mfano mzuri.

"Mama Mélissa," aliniambia siku ya kwanza, nikiwa nachambua maharage, "unajua rezo ya neva ni nini?"

"Apana, patron."

"Usiniite patron. Niite Injeniyeri." Akavuta kiti. "Ni kichwa ya mashine, inajengwa kama nyumba ya ghorofa. Sasa, picha inaingia chini. Ghorofa ya kwanza inaangalia mistari tu. Ya pili inaangalia madoa. Ya tatu inaangalia umbo. Inapanda vile mpaka ju kabisa. Kule ju kuna mutu mumoja kwa dirisha, anatoa kichwa anasema: muzima. Ao anasema: mugonjwa. Basi."

"Na huyo mutu wa dirisha anajuaje?"

"Hajui! Anafundishwa. Unamuonyesha picha elfu mbili. Akikosea, kosa linashuka ngazi, kila ghorofa inapata kakofi kadogo, inajirekebisha. Kesho anakosea kidogo kuliko leo."

"Kama mutoto."

"Kama mutoto, ila huyu halii."

Mélissa akalia saa ileile. Injeniyeri akamwangalia kama mtu aliyekatizwa mkutanoni.

Ila huo ulikuwa utangulizi tu. Kitu chake mwenyewe, kilichomnyima usingizi na kumnyima mke, kilikuwa ujenzi wa hiyo nyumba. Wengine, alisema, wanajenga rezo zao kwa saruji, ukitaka kubadilisha ghorofa moja lazima ubomoe zote. Ya kwake, kila ghorofa ina mlango wa kipimo kimoja. Unatoa ya tatu, unaweka nyingine, zile zilizobaki hazijui hata kama kuna mgeni. Mpango wote umeandikwa kwenye ukurasa mmoja: kwanza hii, halafu hii. Unafuta mstari, unaandika mwingine, nyumba inajijenga upya yenyewe. Hata yule anayepima kosa anabadilishwa. Hata yule anayegawa vile vikofi anabadilishwa.

"Fleksibo, Mama Mélissa," alisema. "Inageuka vile unataka. Neno ni hilo. Fleksibo."

Wazo lenyewe si bovu, sitamsingizia. Mimi nilimaliza shule ya msingi tu, lakini nikimshonea Mélissa gauni naacha pindo kubwa chini, nalishusha kadiri anavyokua. Tofauti ni kwamba gauni namvisha.

Lile neno lilifika mpaka jikoni kwangu. Alinikataza kutia chumvi kwenye maharage, akasema chumvi ni uamuzi wa mwisho, kila mtu aamue kwenye sahani yake. Arnaud, mwenzake wa meza ya pili, mwanaume mwenye kipara na mdomo, alionja siku ya kwanza akaweka kijiko chini.

"Injeniyeri," alisema, "hii rezo yako iko fleksibo mpaka imekuwa uji. Na sasa unataka kuharibu na maharage?"

"We huoni mbali, Arnaud."

"Naona sahani. Mama Mélissa, nisaidie chumvi."

Sasa niseme habari ya mpunga, maana ndiyo habari yenyewe.

Kule Buterere, chini, karibu na maji, kuna chama cha wamama wanaolima mpunga. Kiongozi wao ni Mama Caritas, dada mkubwa wa mama yangu, kwa hiyo kwangu ni mama mkubwa. Mume wake alikwisha kufa, shamba ni lake, na ndilo linalolisha nyumba ya watu saba. Mpunga una ugonjwa unaofanya majani yawe njano yenye mistari. Dawa yake ni moja tu: mmea mgonjwa unang'olewa mapema, unapelekwa mbali, kabla haujaambukiza wengine. Lakini kuna unjano mwingine wa njaa tu, mpunga unataka mbolea, na ukiung'oa huo umejitupia chakula bure. Kutofautisha si rahisi. Ndiyo kazi ambayo mradi mmoja wa kilimo uliwapa akina Injeniyeri: simu iangalie jani, iseme muzima ao mugonjwa.

Ili mashine ifundishwe, zilitakiwa picha elfu mbili. Za majani mazima elfu moja, za majani magonjwa elfu moja. Injeniyeri hakwenda kuzipiga. Alisema picha ni kazi ya mkono, yeye anafanya ya kichwa, akabaki Kigobe akipanga ghorofa. Alituma simu moja nzuri, na mimi nikapewa ruhusa ya siku tatu niende kuwasaidia wamama.

Ninyi mnajua sisi na picha. Mtu hapigwi picha na tope. Wamama walipoambiwa kwamba hizi picha zitaenda Kigobe na labda zitaonwa na wakubwa, Mama Caritas aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoa kile kitambaa chake cheupe cha meza chenye maua mekundu aliyodarizi pembeni, kile kinachotoka siku wakwe wanakuja tu. Akakitandika juu ya meza nje. Majani mazima yakaoshwa, yakafutwa, yakalazwa juu ya kitambaa moja moja kama mtoto siku ya ubatizo.

"Ikae muzuri," alikuwa anaambia jani. "Usinitie haya."

Kitambaa kikikunjamana, mimi nakipiga pasi ya makaa.

Ilipofika zamu ya majani magonjwa, mwanamke mmoja alitaka kuyaweka palepale. Mama Caritas alimshika mkono.

"Ewe! Ugonjwa ju ya kitambaa ya bakwe? We unaniombea nini?"

Basi magonjwa yote elfu moja yakapigwa picha chini, kwenye tope la tuta. Mimi mwenyewe nilikuwa nashika simu. Sikuona ubaya wowote, nilikuwa naogopa tu kuangusha simu ya watu.

Picha zikaingia kwenye mashine. Injeniyeri hakufungua hata moja. Kompyuta ilizikata zote sawa, ikazipa namba, akasema hivyo ndivyo zinavyotakiwa ziwe, namba. Mashine ikajifunza. Walipoijaribu kwa picha walizokuwa wameweka pembeni, katika kila mia ilipata tisini na nane. Arnaud aliruka kwenye kiti.

"Tisini na nane! Tupeleke Buterere kesho, tujaribu kwa shamba."

"Apana," alisema Injeniyeri. "Bado."

"Bado nini?"

"Sasa inakubali mpunga. Kesho wakileta migomba? Wakileta kahawa? Wakileta mbuzi?"

"Nani analeta mbuzi, Télesphore?"

"Ndio shida yako. Unangoja mbuzi afike mlangoni ndio upime mlango."

Akaifungua nyumba yote. Ghorofa zikatolewa, milango ikapimwa upya ili siku moja hata mbuzi apite. Kwa majuma matatu kila asubuhi nilikuta ubao umejaa visanduku na mishale, kila jioni umefutwa. Mashine iliyokuwa inafanya kazi sasa haifanyi, kwa sababu inaboreshwa.

Na katika majuma hayo matatu, katikati ya shamba la Mama Caritas kulikuwa na alama ya njano. Ilipotokea ilikuwa na ukubwa wa mkeka wa kulalia. Angetaka, angeing'oa asubuhi moja kabla ya chai. Lakini Injeniyeri alimtumia neno: asiguse, huenda ni njaa ya mbolea tu, na kama si njaa basi mashine itahitaji pa kupimiwa, angoje simu ije iseme. Mama Caritas ni mtu wa kutii waliosoma. Akangoja. Mkeka ukawa mikeka minne. Halafu ukawa kama uwanja wa kanisa.

Siku moja alikuja mwenyewe Kigobe kwa miguu. Alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia, akafungua fundo la kitenge chake, akatoa jani.

"Injeniyeri, mwananje, mutoto wangu, angalia hii. Mi naona kama ni ule ugonjwa. Nianze kung'oa?"

Injeniyeri alikuwa anageukia ubao. Alinyoosha mkono kama mtu anayezuia gari.

"Mama, subiri Jumamosi. Wageni wa mradi watakuja shambani, tutaonyesha mbele ya watu wote. Macho yako ni mawili. Mashine ina macho elfu."

"Elfu," alisema Mama Caritas, "na hata moja haijafika Buterere."

Arnaud alicheka mpaka akakohoa. Injeniyeri hakusikia. Jani lilibaki juu ya meza yake siku tatu, likakauka karibu na mkono wake wa kushoto, hakuliangalia. Ijumaa nililitupa na maganda ya vitunguu, siku ileile aliyomaliza kurudisha ghorofa kwenye mashine.

Jumamosi, mnavyojua, asubuhi watu wote wako kwenye kazi za pamoja za kusafisha mtaa. Zilipoisha, karibu saa tano, wamama walikuja shambani moja kwa moja, kila mtu na jembe lake begani. Watu arobaini na majembe arobaini. Wageni wa mradi walikalia viti vya plastiki kwenye tuta kavu, na mbele yao meza yenye Fanta na maji. Mama Caritas aliitandikia kile kitambaa chake cheupe. Wageni ni wakwe pia, kwa namna yao.

Injeniyeri alikuwa amevaa mabuti mapya ya mpira, lebo ya duka bado imening'inia nyuma ya mguu wa kulia. Alisema hotuba. Alisema arkitektiri, yaani ule ujenzi wake wa ghorofa, akasema fleksibo mara nne nikihesabu, akasema hiki kitu kinaweza kuwekwa chochote. Mgeni mmoja alikuwa anaandika. Halafu akaingia kwenye maji na simu mkononi, na watu wote nyuma yake.

Simu ilikuwa inasema kwa sauti, na sauti ilikuwa ya Arnaud, waliyorekodi ofisini. Akaielekeza kwenye jani la njano.

"Mugonjwa," ikasema simu.

Makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele. Injeniyeri akasogea hatua kumi, akaielekeza kwenye jani la kijani kibichi, zuri, lenye afya kuliko sisi wote pale.

"Mugonjwa."

Akafuta kioo kwa shati. Akajaribu lingine.

"Mugonjwa."

Akaenda mpaka mwisho wa shamba, akarudi. Mugonjwa, mugonjwa, mugonjwa. Arnaud wa kweli alikuwa ameshika kipara chake kwa mikono miwili, anasikia sauti yake mwenyewe inahukumu shamba la mjane.

Injeniyeri alisimama. Nilimwona uso. Nilifikiri atasema, jamani, kuna kitu si sawa. Mtu mwingine angesema hivyo. Yeye aligeukia watu, akainua kidole.

"Bon. Munaona kazi ya arkitektiri nzuri? Ugonjwa umekwisha kuingia kote, ila macho ya mutu hayajaweza kuona. Mashine inaona mbele. Mama Caritas, pole sana. Shamba lote ling'olewe, leo hii, kabla halijaambukiza majirani."

Mgeni mwenye kuandika alitikisa kichwa kwa huzuni, akaandika. Majirani wenye mashamba ya pembeni walianza kushusha majembe begani, na siwalaumu, mtu anaogopa la kwake. Mama Caritas alikuwa anaangalia mpunga wake wa kijani. Midomo ilikuwa inacheza, anahesabu, watu saba mpaka mavuno mengine. Kisha akakunja kitenge kiunoni, akashika mpini.

Mimi nilikuwa pembeni ya meza ya wageni kwa sababu Mélissa alitaka Fanta. Alikuwa amekivuta kile kitambaa kwa vidole, anataka kutia ua jekundu mdomoni. Nikamtoa mkono. Na nikiwa naunyoosha upande uliokunjamana, kama nilivyounyoosha siku zile tatu, nikasimama.

Nilipokuwa mdogo, mwalimu wetu wa darasa la pili alikuwa anatusomesha maneno yenye picha pembeni. Kuna mtoto alikuwa anapata zote. Siku mwalimu alipoficha picha, tukajua kwamba hajui herufi hata moja. Alikuwa anasoma picha.

Sikusema kitu kirefu. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Nilichuma jani moja la njano, lile baya kabisa, lenye mistari, linalonuka kufa. Nikalilaza juu ya kitambaa, katikati ya chupa.

"Injeniyeri, samahani. Jaribu na hii hapa."

"Mama Mélissa, si wakati."

"Moja tu."

Alikuja, nafikiri ili anyamazishe jambo. Akaelekeza simu.

"Muzima," ikasema sauti ya Arnaud, kwa furaha kabisa.

Mama Caritas akaacha jembe. Akaja, akalitoa jani lilelile juu ya kitambaa, akaliweka chini kwenye tope.

"Mugonjwa."

Akalirudisha juu ya kitambaa.

"Muzima."

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema mama mmoja. "Ni kitambaa ndio inaangalia!"

Basi ikawa sherehe. Mtu alisogeza chupa ya Fanta juu ya kitambaa, mbele ya simu: muzima. Mwingine akamnyang'anya Injeniyeri kofia yake, akaitupa mezani: muzima. Mama Caritas akamwonyesha Injeniyeri mguu wake, ulio kwenye tope.

"Shusha simu hapa. Hapa, kwa buti yako mupya."

Injeniyeri, sijui kwa nini, alitii.

"Mugonjwa," ikasema simu.

"Yee! Buti ing'olewe!" walipiga kelele wamama. "Leo hii! Kabla haijaambukiza majirani!"

Wageni waliinama kuficha vinywa. Arnaud alikaa kwenye tuta na suruali yake safi, anacheka na kulia pamoja. Ndiye aliyeeleza watu: mashine ilionyeshwa mazima yote juu ya kitambaa na magonjwa yote kwenye tope, ikachukua njia fupi, ni nani atahangaika na mistari ya jani kama kitambaa kinatoa jibu? Picha za kujaribia nazo zilitoka meza ileile, ndiyo maana tisini na nane.

"Arkitektiri haina kosa," alisema Injeniyeri. Alikuwa amevua miwani, anaifuta, na bila miwani alionekana kama yule mtoto wa miaka tisa na mkebe wake. Nilimhurumia kidogo, kweli, mpaka alipoendelea. "Hii inatengenezeka. Tunaongeza ghorofa moja ya kutambua vitambaa. Mlango uko tayari."

"Ao tunapiga picha tena," alisema Arnaud, "majani yakiwa yamesimama kwa shamba. Siku tatu."

"Hiyo si suluhisho ya jumla."

Mama Caritas hakungoja wamalize. Alirudi kwenye maji na wamama wake. Aliingia hadi mpaka wa njano na kijani, akainama, akageuza jani moja moja kwa kidole gumba, na mmea aliouona kuwa mgonjwa akaung'oa. Wengine wakafuata. Watu arobaini walimaliza kazi kabla ya saa nane. Kile ambacho majuma matatu nyuma kilikuwa mkeka mmoja, sasa kilipelekwa mbali kwenye mafungu ya kubeba kichwani, robo nzima ya shamba. Robo tatu zilibaki zimesimama. Hakumlaumu mtu. Aliponipita na fungu lake alinigusa shavu kwa mkono wa tope, akamgusa na Mélissa.

Juma lililofuata Arnaud na mimi tulikwenda Buterere, tukapiga picha majani yakiwa shambani, na tope, na kivuli, nyingine na vidole vya mguu wa Mélissa. Mashine ileile, ghorofa zilezile, hakuna mlango uliong'olewa. Sasa shambani inapata, si zote, nyingi. Injeniyeri aliandika ripoti. Arnaud alinisomea: inasema kwamba majaribio yamethibitisha uimara wa arkitektiri. Jina langu halimo, la Mama Caritas halimo. Kitambaa kimo, ukurasa wa nne.

Kitambaa chenyewe Injeniyeri alikiazima akifanyie uchunguzi, hakikurudi. Nilipokwenda kumsalimia mama yake Kanyosha, nilikikuta kimetundikwa kwa misumari miwili mahali pa mlango wa choo, maua mekundu kwa nje. Mama aliniambia anamshukuru Mungu. Siku hizi anaimba akitaka tu.

Mwezi wa sita, siku ya kuvuna, Injeniyeri alikuja Buterere na yale mabuti. Lebo ilikuwa imetoka yenyewe. Aliangalia wamama wakikata, akaangalia ile robo tupu ya katikati, ardhi imepasuka, hakuna kitu.

"Na hapa, Mama Caritas," aliuliza, "hukupanda kitu?"

Mama Caritas alinyoosha mgongo, akafuta jasho kwa kiganja.

"Hapo nimekuachia we, Injeniyeri," alisema. "Hapo pako fleksibo."